Wimbo wa "Wapo" ulimsema nani? Namna ya kusikiliza wimbo wenye siasa ndani yake

Kila siasa inapochangamka nchini, wasikilizaji wetu hututumia swali moja: "Huu wimbo unamsema nani?" Linatoka Buger, linatoka Endabash na Mang'ola, linatoka pia kwa ndugu zetu wa upande wa Ngorongoro. Mara nyingi mtu amepokea klipu ya nusu dakika kwenye simu. Amesikia kiitikio, amecheka au amekasirika, na kabla hajaituma kwenye kundi la ukoo anataka kujua anatuma kitu gani.

Tumeona tulijibu kwa maandishi, ili usome taratibu hata mtandao ukikatika. Tutatumia wimbo mmoja ambao wengi mnaukumbuka, "Wapo" wa Nay wa Mitego, kwa sababu ndani ya siku mbili tu ulipewa maana tatu tofauti na mamlaka za nchi moja.

Kilichotokea Machi 2017

Nay wa Mitego, ambaye jina lake ni Emmanuel Elibariki, aliutoa wimbo huo Machi 2017. Jumapili ya tarehe 26 alikamatwa na polisi akiwa mkoani Morogoro. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba wimbo una maneno ya kuikashifu serikali. Jumatatu ya tarehe 27 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaupiga marufuku kwa maelezo ya maadili.

Siku hiyohiyo mambo yakageuka. Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliwaambia waandishi mjini Dodoma kwamba Rais John Magufuli ameusikia wimbo na ameupenda, msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Rais alitoa na ushauri: wimbo uboreshwe, wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya nao watajwe.

Kumbuka pia wiki hiyo ilikuwa ya namna gani. Dk. Mwakyembe alikuwa na siku nne tu wizarani. Mtangulizi wake, Nape Nnauye, aliondolewa tarehe 23 Machi, siku moja baada ya kupokea ripoti ya kamati aliyoiunda kuchunguza tukio la Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam kuingia usiku na askari wenye silaha katika ofisi za Clouds. Mwaka mmoja kabla, Januari 2016, serikali ilikuwa imetangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Kwa hiyo wimbo uliingia kwenye nchi ambayo tayari ilikuwa inajiuliza nani anaruhusiwa kusema nini.

Kwa nini maneno yale yaliuma

Jina la wimbo ni neno moja: wapo. Halitaji mtu. Linasema watu wa aina fulani wapo, kisha linakuachia wewe kazi ya kuwatafuta. Kiswahili kinatupa urahisi huo. Ukisema "yupo", watu watageuka kumtafuta mmoja. Ukisema "wapo", kila mtu anaangalia upande wake.

Ndani ya wimbo Nay anapita kwa makundi mengi. Lakini sehemu iliyopata masikio zaidi ni ile anayouliza kama uhuru wa kusema bado upo, na ile anayomzungumzia daktari wa majipu ambaye hataki kushauriwa wala kukosolewa. Mtu wa nje asingeelewa kitu hapo. Angedhani ni wimbo wa hospitali. Mtanzania wa mwaka ule hakuhitaji mkalimani, kwa sababu "kutumbua majipu" lilikuwa neno la Rais Magufuli mwenyewe, alilolitumia tangu mwanzo wa utawala wake kueleza namna anavyowaondoa watumishi wabovu. Likaenda hadi mnadani na shuleni. Mtoto akinyang'anywa daftari, wenzake wanasema ametumbuliwa.

Hapo ndipo siasa ya wimbo ilipokaa. Msanii hakubuni tusi. Alichukua sifa ambayo kiongozi alijipa, udaktari, akaiuliza swali la kawaida ambalo mgonjwa yeyote angeuliza: daktari gani hasikilizi? Ni vigumu kumshtaki mtu kwa swali hilo bila kukiri kwamba umejitambua ndani yake.

Wimbo mmoja, masikio matatu

Sasa weka zile tafsiri tatu pamoja. Polisi walisikia kashfa dhidi ya serikali. BASATA walisikia ukosefu wa maadili. Ikulu ilisikia wimbo mzuri uliopungukiwa mistari michache. Maneno yalikuwa yaleyale, kinanda kilekile.

Ushauri wa Rais unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ulikuwa tafsiri yenye akili nyingi. Kwa kuwa wimbo ulisema "wapo" bila kutaja jina, mlango ulikuwa wazi kwa yeyote kuongeza orodha. Ukiongeza wakwepa kodi na wauza unga, kidole kinahama. Badala ya kumwelekea daktari, kinawaelekea wagonjwa wake. Wimbo unabaki na jina lake na mdundo wake, lakini unaanza kuwa wimbo wa kuiunga mkono kazi ya serikali.

Je, ina maana kwamba wimbo unaweza kumaanisha chochote? Hapana. Tafsiri nzuri lazima ibebe wimbo mzima, siyo kipande chake. Orodha ya "wapo" inaweza kweli kupokea wakwepa kodi. Lakini swali kuhusu uhuru wa kusema bado liko palepale, na ukiongeza watu kumi kwenye orodha halijibiki. Anayetafsiri kwa kuruka sehemu hiyo hajatafsiri wimbo, ameuhariri.

Marekani waliyapitia haya 1984

Haya si ya Tanzania peke yake. Mwaka 1984 mwanamuziki wa roki, Bruce Springsteen, alitoa albamu iliyobeba jina la wimbo wake "Born in the U.S.A.", yaani nimezaliwa Marekani. Kiitikio chake ni cha kupaza sauti, ngoma nzito, mtu anainua ngumi. Ukikisikia peke yake utasema ni wimbo wa kuisifu nchi.

Beti zake zinasimulia jambo jingine kabisa. Ni kijana wa mji wa watu wa hali ya chini aliyepelekwa kupigana Vietnam. Anarudi nyumbani, hana kazi, ofisi zinamzungusha, na aliowapoteza vitani hawarudi. Anapotamka alikozaliwa, ni kama mtu anayeikumbusha nchi kwamba naye ni mtoto wake.

Tarehe 19 Septemba 1984 Rais Ronald Reagan, akiomba muhula wa pili, alihutubia Hammonton katika jimbo la New Jersey, jimbo la nyumbani kwa Springsteen. Akamtaja mwanamuziki huyo kwa sifa, akisema nyimbo zake zina ujumbe wa matumaini. Siku chache baadaye Springsteen, akiwa jukwaani Pittsburgh, alijiuliza mbele ya mashabiki ni albamu ipi hasa ambayo Rais ameisikiliza.

Unaona yanavyofanana. Kiongozi mkuu anaupokea wimbo uliojaa malalamiko na kuuweka upande wake. Tofauti ni kwamba Springsteen alitoa jibu lake jukwaani, na hakuna polisi aliyemfuata hotelini.

Kuna somo jingine kwetu tunaosikiliza kwa simu. Anayeshika kiitikio bila beti ndiye anayekosea. Na klipu za nusu dakika karibu zote ni viitikio.

Kenya: wimbo uliopewa kazi nyingine, na wimbo uliotaja majina

Majirani zetu wana mifano miwili mizuri. Mwaka 2002 vijana wawili wa kundi la Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", neno walilolitengeneza kutokana na Kijaluo, lenye maana ya mtu asiyetishika. Ulikuwa wimbo wa kujitamba na kujipa moyo wenyewe. Muungano wa upinzani wa NARC ukauchukua, mikutano ikauimba, na Desemba mwaka huo KANU ikaondoka madarakani baada ya miaka 39 tangu uhuru. Hapo maana ya kisiasa ililetwa na umati uliokuwa umechoka na kutafuta neno la kusema. Walioandika wimbo hawakuuanza hivyo.

Mwaka 2019, mwezi Desemba, King Kaka alifanya kinyume cha Nay wa Mitego. Katika "Wajinga Nyinyi" alitaja viongozi kwa majina. Mawakili wa Gavana wa Kirinyaga wakati huo, Anne Waiguru, wakatishia kumpeleka mahakamani kwa kumchafua. Msanii anapotaja jina anapata uwazi, lakini anatoka kwenye kivuli cha "wapo" na kuingia kwenye swali la ushahidi: unaweza kuthibitisha? Ndiyo maana wengi huchagua fumbo. Siyo woga tu. Fumbo linamruhusu mtu kusema juu ya tabia iliyoenea, ambayo haiishi akiondoka mtu mmoja.

Fumbo si geni kwetu

Wapo wanaosema siasa katika nyimbo ni mambo ya vijana wa mjini. Kwetu huku tunajua si kweli. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, maombi na baraka zinazosemwa kwa lugha ya picha, mmoja akisema na waliokaa wakiitikia. Nguvu yake haiko kwa msemaji peke yake. Bila waitikiaji, maneno hayakamiliki. Wimbo wa siasa unafanya kazi kwa njia hiyohiyo: msanii anasema, na wasikilizaji wakiitikia ndipo unakuwa jambo.

Muziki wa dansi nao ulijua njia hii mapema. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko mashariki mwa Kongo na kuja kuimba Dar es Salaam na Super Matimila, alisimama na mnyonge katika nyimbo zake nyingi. "Mambo kwa Soksi", wimbo wake kuhusu kondomu na UKIMWI, haukupigwa Radio Tanzania, na enzi hizo ndiyo ilikuwa redio ya nchi nzima. Watu waliupata kwa kanda. Baadaye akaja Mrisho Mpoto na "Mjomba". Alichagua ndugu ambaye mpwa anaweza kumwendea na shida bila kuogopa kufukuzwa, akamweleza hali ya nyumbani. Wengi walielewa kwamba mjomba huyo ni mkuu wa nchi. Hakuna aliyeweza kusema mpwa amekosa adabu.

Na tusisahau upande wa pili. Nyimbo za kusifu nazo ni za siasa. Miaka mingi marehemu Kapteni John Komba na Tanzania One Theatre waliiimbia CCM kwenye kampeni, na vyama vingine vina waimbaji wao. Hapa Karatu, jimbo lililokuwa na wabunge wa CHADEMA kuanzia Dk. Willibrod Slaa mwaka 1995 hadi 2020, tumesikia spika za pande zote zikipita barabarani. Hatujasikia msanii akiitwa kuhojiwa kwa sababu amesifu kupita kiasi. Ukitaka kujua jamii inaogopa nini, angalia ni wimbo wa aina gani unaoitiwa kikao.

Kuachiwa na kuwa na haki ni vitu viwili

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi katika kisa cha "Wapo". Nay aliachiwa, na wengi tulifurahi. Lakini aliachiwa kwa sababu gani? Hakuna mahakama iliyosema kwamba wimbo haukuwa kosa. BASATA haikutoa mwongozo mpya. Rais aliupenda wimbo, basi. Kama asingeupenda, je?

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 30 inaweka mipaka, kwa mfano kulinda haki za wengine na usalama. Kati ya ibara hizo mbili ziko sheria na taasisi: BASATA, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984, na TCRA, inayosimamia sisi wa redio. Swali la wimbo linapaswa kujibiwa hapo, kwa sababu zinazosomeka na zinazoweza kukatiwa rufaa. Likijibiwa kwa ladha ya mkubwa mmoja, msanii wa kesho hajui asimame wapi.

Matokeo yake yalionekana haraka. Tarehe 5 Aprili 2017, siku tisa tu baada ya Nay kuachiwa, msanii Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio ya Tongwe Dar es Salaam. Walipatikana tarehe 8, wakiwa wameumizwa. Nay mwenyewe alirudi mikononi mwa BASATA mwaka 2023 kwa wimbo "Amkeni", na mwaka 2024 kwa "Nitasema". Ule upendo wa 2017 haukuwa kinga. Hisani haina muda maalumu, na aliyekupa anaweza kuichukua, au akaondoka nayo.

Sisi wa redio za wilayani tunalijua hili kwa namna yetu. Wimbo mkali ukifika mezani, watu wa zamu huanza kuulizana kama wameuona ukipigwa redio kubwa. Hilo si swali la sheria, ni la kupima upepo. Faini moja inaweza kuzima kituo kidogo, na kituo kikizimwa mkulima wa Buger anakosa pia taarifa za mvua, bei ya mahindi na tangazo la chanjo ya mifugo. Ndiyo maana tunahitaji sheria inayoeleweka kuliko mtu mwema. Mtu mwema anahama.

Ukiwa na klipu mkononi

Hatutakuamulia maana ya wimbo. Tunakupa maswali matano, nawe amua mwenyewe.

Kwanza, sikiliza wimbo wote. Kama bando ni dogo, mwombe kijana anayejaza nyimbo kwenye flash akuwekee ule mzima. Kiitikio na beti vikipingana, amini beti.

Pili, nani anasema ndani ya wimbo? Msanii anaweza kuvaa nafsi ya askari, ya mlevi, ya mpwa. Maneno ya mhusika si lazima yawe msimamo wa mwimbaji.

Tatu, anasemwa nani: jina, cheo, au tabia? Likitajwa jina, uliza ushahidi. Ikitajwa tabia, jiulize kama nawe hauko kwenye orodha. "Wapo" ni neno pana, na mwenyekiti wa kitongoji au wa kikundi cha kukopeshana anaweza kutosha humo.

Nne, ulitoka lini? Nyimbo za zamani hurudishwa wakati wa uchaguzi na kupewa picha mpya. Wimbo wa 2017 hauwezi kumsema aliyeteuliwa mwaka huu, ingawa anayeutuma anaweza kuwa ndiye anayetaka kumsema.

Tano, nani anautumia sasa, na ameongeza nini? Mara nyingi kosa halimo kwenye wimbo bali kwenye maneno yaliyobandikwa juu yake. Hapo kuwa mwangalifu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo akijua ni za uongo. Kuwa na maoni juu ya wimbo ni haki yako. Kumzushia mtu jambo kwa kujificha nyuma ya wimbo ni jambo jingine.

Swali linalobaki kijijini

Unaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini mtu anayelima mbaazi. Tunaona yanamhusu sana. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Anayesimama kuuliza fedha za darasa zimefika wapi anafanya kazi ileile ya wimbo. Naye anaweza kusikilizwa kwa njia tatu: ametukana uongozi, amekosa adabu, au ameuliza jambo zuri lakini angetaja na wasiochangia.

Jibu hilo la tatu ndilo tamu na ndilo la kuangaliwa zaidi. Linakusifu, linakuketisha, na swali lako linabaki halijajibiwa. Kama fedha za darasa bado hazijaelezwa, simama tena kwenye kikao kijacho.